Hamjafungiwa na Google

Jumanne saa mbili usiku simu ikaita. "Fundi, Google wametufungia." Ni mwenye nyumba ya wageni kule Mikindani. Tovuti yake ilikuwa inakaa juu kabisa ukitafuta malazi ya Mikindani, sasa hata ukurasa wa tatu haimo. Ni mtu wa tatu mwezi huu kuniambia sentensi hiyohiyo. Wa kwanza alikuwa ameshalipia kikoa kipya, yaani anwani mpya ya tovuti, ili aanze upya. Wa pili alinunua linki mia tano, yaani viungo vya kwenye tovuti nyingine vinavyoelekea kwake, kwa jamaa waliyekutana mtandaoni, kwa hela ambayo ingemlipia seva mwaka mzima. Inaniuma, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa amefungiwa. Kikoa kipya kinatupa kila ulichojenga kwa miaka, na linki za kununua ndizo hasa zinazoweza kukuletea adhabu ya kweli.

Kufungiwa kupo, na kukitokea kunaandikwa. Ingia Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti anavyoonekana kwenye utafutaji; kuna ukurasa maalumu wa adhabu zinazotolewa na binadamu, yaani mfanyakazi wa Google amekagua tovuti yako akaona umevunja kanuni. Ukikuta tiki ya kijani na maelezo kwamba hakuna tatizo, hujafungiwa. Basi. Ombi la kufikiriwa upya linatumwa kupitia ukurasa huohuo, na linamhusu mwenye adhabu peke yake. Nimechoka kuulizwa "tuwaandikie Google?" na mtu ambaye hana kesi.

Linalonichosha zaidi ni hili: watu wanachanganya kushuka nafasi na kupungua mibofyo. Kuna tovuti ninayoitunza hapa Mtwara mjini, inaandika bei za minada ya korosho. Minada ikianza Oktoba, kila mkulima kuanzia Tandahimba na Newala hadi Masasi anataka kujua vyama vya ushirika vya TANECU au MAMCU vimeuza kilo kwa shilingi ngapi. Mibofyo inapanda mpaka seva inahema. Februari ghala ziko tupu, hakuna anayeuliza, na grafu inaporomoka. Mwenye tovuti ananipigia kila Februari, huu mwaka wa tatu. Nafungua jedwali mbele yake: nafasi yake kwa maneno "bei ya korosho leo" ni ileile ya Novemba. Meza yake iko palepale sokoni, wanunuzi ndio wamekwenda nyumbani. Hapo hakuna cha kutengeneza, na ukianza kutengeneza utaharibu.

Kwa hiyo usilinganishe siku 28 hizi na siku 28 zilizotangulia ukaanza kulia. Linganisha na kipindi kilekile mwaka jana. Search Console inatunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo zipo. Na ile nafasi ya wastani ya tovuti nzima, inayokaa juu ya grafu kwa namba kubwa, isikutishe wala isikufurahishe. Inahesabiwa kwa zile mara ulizoonekana tu. Ukiandika makala kumi mpya zikaanza kuonekana nafasi ya 70, wastani unaanguka ilhali hujapoteza mbofyo hata mmoja. Google ikiacha kukuonyesha kwa maneno uliyokuwa mkiani, wastani unapanda, uonekane umepona kumbe umepungua. Nimemwona mtu akifuta makala nzuri, zenye wasomaji, kwa sababu ya namba hiyo. Shuka mpaka kwenye ukurasa mmoja mmoja, kisha maneno yanayouleta, moja baada ya jingine. Ni kazi ya jioni nzima, na sijaona njia ya mkato. Wala usijipime kwa kutafuta kwa simu yako ukiwa umekaa Shangani. Majibu yanafuata mahali ulipo, na mgeni aliyeko Ujerumani haoni unachokiona wewe.

Nafasi ikiwa imeshuka kweli, anza kuuliza ndani ya nyumba: nani kagusa nini, na lini? Kule Mikindani swali hilo lilimaliza dakika tano. "Tulibadilisha muonekano mwezi uliopita." Nikafungua msimbo wa ukurasa, nikateremka mistari michache, nikaikuta: noindex. Aliyeijenga upya alitia tiki kwenye kile kisanduku cha WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, kwenye mipangilio ya usomaji, kinachoiomba mitambo ya utafutaji isiiorodheshe tovuti. Wakati wa ujenzi ni sahihi kabisa. Siku ya kufungua akasahau kuitoa. Roboti ya Google, programu inayopita kusoma kurasa, ilipita ukurasa mmoja leo, mwingine keshokutwa, na kila ilipopita iliutoa.

Halafu mtu mwingine akaja kusaidia, akaifunga tovuti nzima kwenye robots.txt, faili linaloiambia roboti wapi isiingie. Hili nitalisema taratibu maana nalikuta kila mara. Ukifunga robots.txt, roboti haiingii kusoma ukurasa. Isipousoma, haitajua kwamba noindex umeshaiondoa. Utakaa miezi unasubiri. Ondoa noindex, fungua robots.txt, kisha omba kurasa muhimu zikaguliwe.

Kuvamiwa na wadukuzi nako kupo. Tafuta kwenye Google site: ikifuatwa na kikoa chako bila nafasi katikati, ukiona kurasa za kubeti au za Kijapani ambazo hukuziandika, safisha, badilisha nywila zote, sasisha plagini, zile programu za nyongeza.

Linabaki lile gumu. Mara kadhaa kwa mwaka Google hubadilisha mizani yake ya kupanga matokeo na kutangaza. Mabadiliko ya Machi 2024 yalianza tarehe 5 Machi yakaisha 19 Aprili, na wiki ya pili tu watu walikuwa wanafuta kurasa huku namba bado zinacheza. Subiri yaishe ndipo upime. Baada ya hapo sina uhakika ninaoweza kuuza. Kulikuwa na tovuti ya mtembeza wageni wa Kilwa, imejaa zile aya za Kilwa Kisiwani zilizoko kila mahali: Urithi wa Dunia 1981, Msikiti Mkuu, masultani. Tukaandika upya kwa vitu anavyovijua yeye: kibali kinachukuliwa wapi Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua, maji yakipwa unashukia wapi, uvae nini miguuni. Miezi ikapita, ikapanda. Ni kazi yetu, au ni mizani iliyogeuka tena? Siwezi kuapa. Nyingine niliifanyia yaleyale na haijarudi mpaka leo, na mwenyewe nimemwambia hivyo. Anayekuahidi siku saba anakudanganya.

Mikindani, ukurasa wa mbele umesharudi Ijumaa. Zimebaki anwani za zamani. Walipobadilisha muonekano kila chumba kilipewa anwani mpya, na zile za zamani zote zikaelekezwa kwenye ukurasa wa mbele, jambo ambalo Google huweza kulihesabu sawa na ukurasa usiokuwepo. Ziko 41. Kesho asubuhi nakwenda kukaa na mwenyewe, aniambie kipi ndicho kilikuwa kipi, nizielekeze kwa 301, yaani uelekezo wa kudumu, chumba kwa chumba.