“Usilie, Mshukuru Mungu”: Tunavyowaumiza Wafiwa kwa Andiko Zuri

Kazi yangu ni uchungaji wa hospitali. Asubuhi napita wodini, mchana mara nyingi niko mochwari na ndugu wanaosubiri mwili, jioni niko msibani. Karibu kila wiki nasikia sentensi hii: “Usilie mpendwa, Biblia inasema tushukuru kwa kila jambo.” Safari hii nimeisikia mahali ambapo sikuweza kunyamaza.

Aliyekuwa akiambiwa hivyo ni mama aliyejifungua, mtoto akafariki siku ya tatu. Kitanda cha jirani mwenzake ananyonyesha. Maziwa yake mwenyewe yalishaanza kutoka, khanga imelowa kifuani, na akina mama wa kanisani kwake wamemzunguka wakimhimiza aanzishe pambio. Akajaribu. Sauti ikakatika kwenye mstari wa pili. Akanigeukia: “Mchungaji, nimemkosea Mungu kwa kulia?” Nikamwambia, “Hapana mwanangu. Lia.” Kisha nikawaomba wale akina mama tutoke nje. Niliyowaambia ni haya, na mengine ambayo muda haukutosha.

Dhana: Mkristo mwenye shukrani halii, na hata msiba wenyewe anapaswa kuushukuru

Andiko linaloshikiliwa ni 1 Wathesalonike 5:18: “shukuruni kwa kila jambo, maana hayo ni mapenzi ya Mungu kwenu katika Kristo Yesu.” Linatamkwa peke yake, kana kwamba barua nzima ilikuwa mstari mmoja. Someni nyuma kidogo. Wathesalonike walikuwa wamefiwa, ndiyo maana sura ya 4 inawaambia wasije wakahuzunika “kama na wengine wasio na matumaini”. Huzuni yenyewe Paulo hakuikataza. Aliyoikataza ni ile isiyo na tumaini lolote la ufufuo. Tena mistari minne tu kabla ya huo wa 18 ameagiza walio dhaifu watiwe moyo, wanyonge watiwe nguvu, na watu wote wavumiliwe. Anayemkemea mfiwa kwa mstari wa 18 ameshauvunja mstari wa 14, na Paulo aliyaandika yote mawili kwa watu walewale.

Njooni sasa Bethania, Yohana sura ya 11. Lazaro amekaa kaburini siku nne. Yesu anajua atakachofanya dakika chache zijazo. Hakuna mtu mwenye tumaini kumzidi. Lakini mstari wa 33 unasema aliugua rohoni na kufadhaika, na wa 35 unasema: “Yesu akalia machozi.” Mistari sita baadaye, mbele ya kaburi lilelile, anainua macho: “Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia.” Machozi na shukrani vimetoka kwa mtu mmoja, mahali pamoja, siku moja. Na angalia alichokishukuru: kusikiwa na Baba. Kifo cha rafiki yake hakukishukuru. Kifo alikilia, kisha akakiamuru kimwachie mtu wake.

Ukweli ndio huo. Ndani ya shida tunamshukuru Mungu kwa jinsi alivyo na kwa aliyotenda, kwamba yupo, anasikia, hajatuacha. Hatuitwi kuusifu ubaya wenyewe. Najua kuna atakayenitolea Waefeso 5:20, kushukuru “sikuzote kwa mambo yote”. Nausoma mstari huo kwa moyo wote. Lakini mistari tisa kabla yake, 5:11, barua hiyohiyo inasema tusishirikiane na matendo ya giza bali tuyakemee. Hayo “mambo yote” hayawezi kuwa pamoja na yale tuliyoamriwa kuyakemea. Mama aliyebakwa, kijana aliyegongwa na dereva mlevi, mtoto aliyekufa kwa sababu gari la wagonjwa halikufika: msiwaombe watu hawa wamshukuru Mungu kwa uovu au uzembe wa wanadamu.

Halafu kuna Ayubu. Hakuna mazishi niliyohudhuria bila kusikia “BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe.” Ni maneno matakatifu, na Ayubu aliyasema akiwa amerarua joho lake na kunyoa kichwa, yaani akiwa katikati ya kuomboleza. Ila hayo ni ya sura ya 1, na kitabu kina sura 42. Katika sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa. Kwa sura nyingi zinazofuata anamhoji Mungu kwa maneno ambayo kwetu angenyang'anywa kipaza sauti. Mwishoni, 42:7, Mungu anamkasirikia nani? Elifazi na wenzake wawili, waliomtetea Mungu kwa hoja nzuri mbele ya mtu anayeoza vidonda. Anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Walifanya vema siku saba za kwanza tu, walipokaa chini pamoja naye mchana na usiku bila mtu kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Naeleza kwa kirefu kwa sababu naona madhara yake. Mfiwa aliyelazimishwa kushukuru hajifunzi kushukuru. Anajifunza kwamba mbele za Mungu unavaa uso wa bandia. Ibada ya kwanza atakuja, ya pili atakaa nyuma karibu na mlango, baada ya miezi michache hamwoni. Mzee wa kanisa atasema amerudi nyuma kiroho. Hajarudi nyuma. Amechoka kudanganya, na hakuna aliyemwonyesha kwamba kulalamika kwa Mungu nako ni kuomba.

Karibu theluthi moja ya Zaburi zote 150 ni maombolezo na malalamiko. Hiyo ndiyo shule ya maombi aliyotupa Mungu mwenyewe, na sisi tumewaachia watoto wetu Zaburi ya 23 na ya 121 tu. Ninayoitumia wodini ni ya 13, kwa sababu ni fupi, mistari sita. Inaanza: “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Maneno “hata lini” yanarudi mara nne kabla Daudi hajaomba chochote. Kisha anaomba, na mwisho anasema atamwimbia BWANA kwa kuwa amemtendea kwa ukarimu. Huo ndio mpangilio ninaowafundisha wagonjwa wangu: kwanza mwambie Mungu kinachouma, kwa jina lake, bila kukipamba. Kisha omba unachotaka, hata kama unaona ni kikubwa. Ndipo utaje jambo moja la kushukuru, moja tu, unaloweza kulionyesha kwa kidole: muuguzi aliyekuletea maji ya moto, dada yako aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda chako. Jambo moja la kweli linatosha kuliko kumi ya kukariri. Na siku ukifika kwenye malalamiko ukakwama hapo, funga Biblia ulale. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani bila neno la shukrani, na imo katika Neno la Mungu.

Dhana: Mwenye shukrani hadai haki, anavumilia tu

Hili naambiwa na wake wanaopigwa. “Namshukuru Mungu kwa ndoa yangu, huu ni msalaba wangu.” Mara nyingi ni mtu wa kanisani aliyemfundisha kusema hivyo.

Someni Matendo 16 mpaka mwisho. Tunapenda sana mstari wa 25, Paulo na Sila wakimwimbia Mungu usiku wa manane, miguu kwenye mkatale, migongo ina majeraha ya bakora. Kulipokucha wakuu wa Filipi wakatuma askari wawaachilie kimyakimya. Paulo akakataa. Tumepigwa hadharani bila hukumu, akasema, nasi ni raia wa Rumi; waje wenyewe watutoe. Na wakuu wakaja, wakawasihi. Mtu yuleyule aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki asubuhi.

Hapa Afrika Mashariki tuna Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Anglikana Uganda. Aliokoka mwaka 1948 katika Uamsho wa Afrika Mashariki, harakati ya Kikristo iliyojaa nyimbo za kumsifu Mungu kuliko zote tulizowahi kuziona huku. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu wa vyombo vyake. Tarehe 16 mwezi huohuo akauawa. Sifa zake kwa Mungu hazikumfunga mdomo mbele ya mwuaji.

Kwa hiyo dada, mshukuru Mungu kwa uhai wako, kisha nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Kama unaogopa kwenda peke yako, mwambie mchungaji wako akusindikize. Akikataa, tafuta mwingine.

Dhana: Shukuru, wenzako wana hali mbaya zaidi

Katika Luka 18 yupo mtu aliyeshukuru kwa kujilinganisha: “Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine.” Ni Farisayo, na hakushuka nyumbani kwake amehesabiwa haki. Msimwonyeshe mgonjwa wa kitanda cha tatu ili wa kitanda cha nne ajisikie vizuri. Wa kitanda cha tatu anasikia.

Dhana: Usiposhukuru, Mungu atachukua hata kilichobaki; ukitoa sadaka ya shukrani mapema, jibu litafunguka

Wakoma kumi waliponywa, akarudi mmoja. Yesu aliuliza wale tisa wako wapi, na swali hilo linapaswa kutuchoma. Lakini hakuna mahali Luka anaposema ukoma uliwarudia. Mungu hatoi uponyaji kwa mkopo.

Kuhusu sadaka, Walawi 7:15 inaagiza nyama ya dhabihu ya shukrani iliwe siku ileile, isibaki hata asubuhi. Nyama kiasi hicho huimalizi peke yako. Unawaita watu mle pamoja. Ni karamu ya mtu aliyekwisha kupokea rehema. Anayemwambia mgonjwa wa figo auze shamba atoe “shukrani ya imani” ili Mungu aguswe anafanya biashara kwa jina la Bwana, na familia inayomsikiliza itakosa pesa za kusafisha damu.

Dhana: Ukishashukuru kwa kweli, uchungu unakwisha

“Rehema zake hazikomi, ni mpya kila siku asubuhi.” Hayo yako Maombolezo sura ya 3, katikati kabisa ya kitabu cha sura 5. Baada ya mwandishi kuyasema, anaendelea kulia sura mbili nyingine. Msishangae mkiona mjane aliyetoa ushuhuda mzuri Jumapili analia Jumatatu.

Tena tofautisheni huzuni na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Mtu asiyelala majuma kadhaa, asiyekula, asiyeinuka kitandani, au anayesema afadhali angekufa, anahitaji daktari, na anahitaji mapema. Aliyetaja kujiua msimwache peke yake hata kwa lengo la kwenda kumwombea chumba cha pili. Mshikeni mkono mpaka hospitali, mkimwombea njiani.

Ombi langu kwa viongozi wa kwaya na wazee wa kanisa: katika ibada ya shukrani ya kumaliza msiba, msimpe mfiwa kipaza sauti bila kumwuliza siku moja kabla, faraghani, kama anataka kusema kitu. Akisema hapana, mchungaji aseme kwa niaba ya familia, na mfiwa aachwe akae na ndugu zake. Warumi 12:15 inatuambia kazi yetu siku hiyo: “lieni pamoja nao waliao.” Na mnaokuja msibani na maandiko, njooni pia na unga, mkaa na maji, maana wageni wanaolala pale lazima wale.