Makumbusho madogo ya magari ya kijeshi: nenda na watoto, anzieni chini ya gari

Makumbusho madogo ya aina hii kwa kawaida ni banda moja au mawili, magari yamebanana, na wazee wachache wanaojitolea, mikono imejaa grisi. Ukipita harakaharaka unamaliza upesi, na watoto wanaanza kuuliza mnarudi nyumbani saa ngapi. Ushauri wangu ni kuchagua magari matatu tu na kuyachunguza kuanzia chini kwenda juu. Rangi na nyota ya ubavuni vimepakwa na aliyelikarabati gari. Historia yenyewe imebaki kwenye fremu, nati na vibamba.

Pigeni simu kabla ya kwenda. Mengi hufunguliwa siku chache tu kwa wiki, na siku za kuwasha injini ni chache zaidi, kwa hiyo ulizia zote mbili. Kila mtoto awe na tochi yake, na familia iwe na kioo kimoja kidogo cha mkononi cha kuchungulia uvunguni. Vaeni viatu vya kufunika vidole, kwa sababu sakafu huwa na oili. Mtoto mchanga abebwe mgongoni; kigari chake hakitapita kati ya magari.

Kama kuna Jeep ya Vita vya Pili vya Dunia, anzeni nayo. Kampuni za Willys na Ford zilitengeneza zaidi ya 600,000 kwa mchoro mmoja, na kazi ya watoto ni kugundua hii ni ya nani. Pigeni magoti mbele, mmulike chini ya rejeta. Chuma kinachounganisha pande mbili za fremu kikiwa bomba la mviringo, fremu ni ya Willys. Kikiwa na pembe, kama mfereji uliofunikwa, ni ya Ford. Kisha tafuteni herufi F. Ford waliigonga kwenye vichwa vya bolti na vipuri vingi vidogo, na mtoto mwenye tochi huiona kabla ya mtu mzima. Mkikuta fremu ya Ford na bodi ya Willys msishangae: jeshi lenyewe lilichanganya vipuri kwenye matengenezo, na mafundi wa baadaye wakaendelea hivyohivyo. Vibamba vya dashibodi msiviamini peke yake, kwa kuwa vipya vinauzwa hadi leo.

Hapohapo kwenye Jeep, muombeni mhusika awaonyeshe taa za mbele. Unalegeza nati yenye masikio, taa inageuka kumulika injini, fundi anafanya kazi usiku mikono yote ikiwa huru. Tangi la petroli liko chini ya kiti cha dereva, kwa hiyo ili kujaza lazima dereva ashuke na mto uinuliwe. Chuma kilichosimama wima kwenye bampa, chenye mkato juu, ni cha kukatia waya zilizotegwa barabarani kwa shingo za waliosafiri kioo cha mbele kikiwa kimelazwa.

Kwenye magari ya matairi, angalieni nati za magurudumu. Rimu nyingi za kijeshi ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa duara la nati, na jeshi la Uingereza lilipaka nati hizo rangi nyekundu. Ukizifungua tairi likiwa na upepo, vipande vinaruka kwa nguvu ya kuua. Nati za kutolea gurudumu ni zile nyingine, za kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu.

Kwa kifaru, swali la kwanza ni gurudumu la meno liko wapi, maana ndilo linalovuta minyororo. Kwenye Sherman, kifaru cha Marekani, liko mbele, ilhali injini iko nyuma. Shafti ya kupeleka nguvu mbele inapita chini ya miguu ya askari wa kwenye mnara, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya kifaru hicho kiwe kirefu kwenda juu. Kwenye T-34, kifaru cha Kisovieti, injini, giaboksi na gurudumu la meno vyote viko nyuma, na mwili umekaa chini zaidi. Watoto wakishaelewa hili, watakimbilia kila kifaru kulitafuta.

Kupanda ni pale tu mlipoelekezwa. Mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vishike chuma muda wote, na msikanyage madigadi. Kinachoweza kuumiza watoto vibaya ni mifuniko ya matundu ya kuingilia kifaruni. Ni mizito, na kitasa kisiposhika vizuri mfuniko unaanguka bila onyo. Mtu mzima ahakikishe kimeshika kabla mtoto hajaweka vidole ukingoni.

Ndani kuna jambo ambalo vibao vya maelezo hulisahau. Mita nyingi za zamani zilipakwa rangi ya radiamu, kitu chenye mionzi, ili zisomeke gizani. Leo haziwaki, lakini kilichochoka ni kemikali iliyotoa mwanga. Radiamu huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Kioo kikiwa kizima, hakuna haja ya kuogopa kuitazama kwa muda mfupi. Kikiwa kimepasuka au rangi inabanduka, msiguse, mwambieni mhusika. Nawisheni watoto kabla ya kula hata kama hamkuona mita yoyote, kwani vumbi la breki za zamani nalo linaweza kuwa na asbesto.

Siku ya kuwasha injini, fikeni mapema muone maandalizi, ambayo kwangu yanazidi hata kuona gari likitembea. Sherman nyingi zina injini ya silinda 9 zilizopangwa duara. Ikikaa bila kuwashwa, oili inashuka hadi silinda za chini. Ukipiga stata hivyo, pistoni inakutana na oili isiyoshindilika na konrodi, chuma kinachoishika pistoni, inapinda. Ndiyo maana mtaona watu wakiizungusha kwa mkono, mizunguko mingi, kwa mkono mrefu wa chuma huko nyuma. Moshi wa bluu mwanzoni ni oili iliyobaki inayoungua, nao hupungua injini ikipata joto.

Simameni ubavuni, nje ya kamba, kamwe si mbele wala nyuma. Kifaru hukata kona kwa kupunguza mwendo wa mnyororo mmoja, na mkia wake unafagia upande wa pili. Minyororo pia hurusha mawe. Watoto wavae vifunika masikio vikubwa, maana vile vya sponji havikai vizuri kwenye matundu madogo. Wavae kabla stata haijapigwa, kwa sababu wakishashtuka hawatakubali kuvaa chochote.