Je, wajua kwa nini mpangaji wa Arusha analipa kodi ya jengo lisilo lake?

Ingia nyumba za vyumba za kata ya Sombetini au Unga Limited, familia sita na mita moja ya umeme. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inanunuliwa kwa zamu. Anayeangukiwa na zamu ya kwanza ya mwezi analipa shilingi 5,000 akitegemea uniti kama 14, anapata chini ya 10. Shilingi 1,500 zimeshakatwa. Wenzake wanamshuku kwamba amenunua pungufu, na ugomvi unaanzia hapo.

Makato hayo ni kodi ya jengo, na kisheria anayedaiwa ni mwenye nyumba. Zamani ilimbidi aifuate mwenyewe akalipe, na wengi hawakwenda. Mwaka 2021 serikali ikaipitisha kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kwa mkusanyaji ni njia rahisi mno, lakini mita haimjui mwenye nyumba. Inamjua anayenunua umeme. Usiponunua mwezi huu, deni linasubiri, ndiyo maana mtu anayehamia chumba chenye mita yake kilichokaa wazi miezi minne anaweza kukatwa 6,000 siku ya kwanza, kabla hata hajatandika kitanda.

Kiswahili chetu nacho kinachangia. Anachopokea mwenye nyumba tunakiita kodi, na kinachokwenda serikalini tunakiita kodi. Mpangaji akisikia "kodi ya jengo" anaona ni yake tu.

Kwa nini basi asidai arudishiwe? Kwa sababu mbele ya mwenye nyumba hana nguvu. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba za kupanga ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni ya makubaliano. Makubaliano gani, na wewe umeshamlipa dalali mwezi mzima na mwenye nyumba miezi sita mkononi? Ukilalamikia 1,500 unaogopa kuambiwa mkataba ukiisha uhame. Naona hapa ndipo sera ilipokosea: ilitazama urahisi wa kukusanya, haikutazama mwenye nguvu ni nani kati ya hao wawili.

Mzigo mwingine unakuja kimyakimya. Mwaka huohuo wa 2023 saruji iliwekewa ushuru wa shilingi 20 kwa kilo, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Anayejenga vyumba vya kupangisha Muriet leo ataurudisha kupitia mpangaji.

Unapoandikishana mkataba, omba kiwekwe kifungu kwamba makato ya kodi ya jengo yatatolewa kwenye kodi ya pango. Kwa miezi sita ni shilingi 9,000. Meseji za LUKU usizifute, zinaonyesha kiasi kilichokatwa. Na kabla hujatoa hela ya chumba chenye mita yake, mwambie mwenye nyumba anunue umeme wa 2,000 mbele yako. Kama kuna deni la nyuma, litajitokeza hapohapo.