Sumaku haina akiba ya umeme

Gatini Lamu, jenereta ya boti ikigoma, utasikia: "Sumaku imeisha umeme." Sumaku haikuwa nao tangu mwanzo. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba umeme huzaliwa pale uga wa sumaku (eneo ambamo nguvu yake hufika) unaopita kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, unapobadilika.

Jaribu. Zungushia kipande cha paipu waya mwembamba wa kusukia mota, mizunguko 500. Kwangua vanishi kwenye ncha zote mbili (hapa ndipo wengi hukwama, kwani vanishi haipitishi umeme), kisha unganisha mita ya sindano kwenye kipimo kidogo kabisa. Ingiza sumaku: sindano yaruka. Iache humo: sifuri, hata maji yajae yakapwe. Ichomoe: yaruka kinyume.

Joto kali hudhoofisha sumaku, kweli. Lakini jenereta ikigoma, kagua kwanza brashi (vipande vya kaboni vinavyogusa sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme) na koili iliyoliwa na chumvi.