Lita Si Kilo: Kupima Unga, Sukari na Nafaka kwa Uzito

Wapishi na wafungashaji wa unga hapa Dodoma hutuuliza sisi wakaguzi wa vipimo mara kwa mara: kikombe kimoja ni gramu ngapi? Swali hilo halijibiki mpaka muulizaji aseme ni kikombe cha ukubwa gani na kimejazwa nini. Ni kwa maji tu ndipo lita moja hukaribia sana kilo moja. Mahindi makavu yaliyosawazishwa kwenye alama ya lita 20 ya ndoo huwa na kama kilo 14 na nusu. Alizeti yenye maganda, kwenye ndoo ileile, hucheza kwenye kilo 7 au 8, kwa sababu nafasi kubwa imeliwa na hewa. Anayesema "ndoo ni kilo 20" hajawahi kuipandisha kwenye mizani.

Chukua kikombe cha upishi cha mililita 250. Sukari huingia gramu 210 hivi, mchele karibu 200, chumvi laini karibu 300. Unga wa ngano ndio msumbufu. Ukiumimina kwa kijiko na kuukata juu kwa kisu, unapata gramu 130 hivi. Ukikizamisha kikombe ndani ya mfuko, unga unajishindilia na kufika gramu 150 au zaidi. Kwa mandazi ya vikombe vinne, hiyo ni ziada ya gramu 80, yaani zaidi ya nusu kikombe. Donge linakuwa gumu, lawama inaiangukia hamira. Na kama maelekezo ya mapishi yametoka Marekani, kikombe chao ni mililita 237 hivi, si 250.

Kuliko kukariri orodha ya mtu mwingine, pima chombo chako mwenyewe. Weka mizani ya kidijitali mahali palipo sawa na pagumu, si juu ya kitambaa. Weka chombo kitupu, rudisha namba kwenye sifuri, kijaze maji hadi ukingoni. Gramu utakazosoma ndizo mililita zake. Kikaushe kabisa, jaza unga au nafaka bila kutikisa, sawazisha, soma uzito. Rudia mara tatu, chukua wastani, andika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye chombo: "sembe, gramu kadhaa". Ukibadilisha kinu au chekeche, pima upya, kwa kuwa unga laini na unga wa chengachenga havilingani. Kwa hamira usipime kijiko kimoja. Mizani nyingi za jikoni hazisomi vizuri gramu 3. Pima vijiko kumi, gawanya kwa kumi.

Mizani ya jikoni kwako haituhusu. Siku utakapoanza kuuzia watu kwa mizani hiyo, inatuhusu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka kipimo cha biashara kihakikiwe na kugongwa muhuri au kubandikwa stika, kisha uhakiki urudiwe kila mwaka, na pia kila kinapofanyiwa matengenezo, hata kama mwaka haujaisha. Mizani isiyohakikiwa inaweza kuzuiliwa. Mhusika akikiri kosa anaweza kutozwa faini bila kufikishwa mahakamani, na asipokiri shauri huenda mahakamani, ambako adhabu inaweza kuwa faini, kifungo, au vyote viwili. Mfungashaji aandike uzito halisi wa kilichomo, bila kuhesabu mfuko. "Kikombe kimoja" au "sado moja" si uzito.

Tunasikia pia kwamba ndoo iliyojazwa kilima ni ukarimu wa muuzaji. Hapana. Kilima cha leo si kilima cha kesho, na mkulima anayeuza mtama au uwele kwa ndoo ndiye anayekigharamia. Lumbesa nayo ni jambo hilohilo, ila kwenye gunia. Ukiwa na shaka, omba bidhaa ipandishwe kwenye mizani mbele yako, angalia kwanza kama namba imeanzia sifuri, halafu tafuta stika ya mwaka huu.