Kioo cha Lincoln na swali la konokono

Baba yangu mdogo alipokuja kututembelea Maryland kutoka Ukerewe, nilimwacha siku mbili alale mpaka mwili uzoee saa za huku, ya tatu nikampeleka Washington. Nilitaka aone sanamu ya Lincoln, rais wa zamani wa Marekani, aone Mnara wa Washington, na zaidi ya yote aone lile bwawa refu lililolala katikati yao. Tulisimama kwenye ukingo wa magharibi, ngazi za Lincoln zikiwa nyuma yetu. Asubuhi ilikuwa shwari. Mnara mmoja umesimama mbele yetu, wa pili umening'inia majini kichwa chini, umenyooka kama uzi wa timazi. Mzee aliinama akayatazama maji ya pale miguuni kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, maji haya hayana konokono?"

Baba mdogo ni mwalimu mstaafu. Miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiishika ile fimbo ya kupimia watoto siku ya dawa za kichocho, ugonjwa ambao vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa majini: mtoto anasimama wima, fimbo inawekwa mgongoni, kichwa kinapofika ndipo panaposema apewe vidonge vingapi. Aliyeishika fimbo hiyo akiona maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yanayopigwa na jua, uzuri wake hauwi jambo la kwanza kumjia. Nikamjibu kwamba swali lake lina historia mahali hapa.

Mimi ni mhandisi wa maji, na kazi yangu ya kila siku ni mabwawa na chemchemi za mapambo: kuyazungusha maji, kuyachuja, kuyatibu yasiharibike. Watu wengi wanaopiga picha pale hudhani bwawa ni shimo lililojazwa maji na kuachwa. Nimelieleza bwawa hili kwa mdomo mara nyingi, na safari hii nimeamua kuandika.

Urefu wake ni kama mita 618, upana kama mita 51. Zidisha, unapata zaidi ya hekta 3 za maji yaliyo wazi juani, ambayo hata katikati hayafiki kifuani kwa mtu mzima. Mimi huanzia kwenye eneo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu hapo sentimita moja tu ya maji ni lita zaidi ya 300,000. Jua likinyonya sentimita moja, lazima mtu azirudishe lita hizo kutoka mahali fulani.

Tuanze na kioo chenyewe. Weka beseni la maji sakafuni, simama juu yake, utazame chini moja kwa moja. Utaona sakafu ya beseni. Katika kila miale 100 inayoshuka wima, kama 2 tu ndiyo inayorudi juu, iliyobaki inazama. Sasa rudi nyuma kidogo, chuchumaa mpaka jicho likaribie usawa wa maji. Beseni limegeuka kioo. Ukiutazama uso wa maji kwa pembe ya nyuzi 10, miale inayorudi inazidi 30 kwa kila 100. Kwenye nyuzi 5 inakaribia 60. Maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni mahali pa jicho.

Mnara wa Washington una kimo cha mita 169 na uko zaidi ya kilomita moja kutoka pale tuliposimama. Ukipiga hesabu, ncha ya taswira yake inaangukia kama mita 10 hivi kutoka kwenye viatu vyako, na shina lake liko mbali zaidi kuelekea mashariki. Kila sehemu ya taswira hiyo jicho linaiona kwa pembe iliyolala. Ndiyo maana bwawa ni refu na jembamba, na ndiyo maana anayeliona vizuri kuliko wote ni yule aliyesimama kwenye kichwa chake. Ukisimama ubavuni, ukatazama karibu na miguu yako, unaona maji ya kawaida tu.

Rudia jaribio la beseni ukiwa na jeupe na jeusi. Kwenye jeupe, mwanga uliozama unagonga sakafu na kurudi, unaichafua taswira. Kwenye jeusi unamezwa huko huko chini. Kwa sababu hiyo bwawa lilipojengwa upya sakafu yake ilitiwa rangi ya kijivu. Kina hakina kazi yoyote hapa: kuakisi hufanyika kwenye uso, na mita 5 za maji haziakisi zaidi ya nusu mita. Hakuna haja ya kulipia maji ya ziada. Upepo ndio adui wa karibu. Ukipuliza kwa urefu wa bwawa unapata nafasi ya kutosha kuamsha viwimbi, na mnara majini unarefuka, unakatikakatika, unapotea. Miti ya elmi iliyopangwa pande zote mbili husaidia kuuzuia upepo wa ubavuni, nao wa kichwani hauzuiliki.

Kwa hiyo kioo kinadai maji yaliyotuama, yaliyo wazi, juu ya sakafu nyeusinyeusi, na uchumi unadai yawe ya kina kifupi. Mtu anayetaka kuotesha mwani, ule ukijani wa majini, angeomba hivyo hivyo, neno kwa neno. Hili ndilo ninalotaka msomaji wangu alielewe: bwawa hili linaugua kwa sababu zilezile zinazolifanya liwe zuri.

Kumbukumbu ya Lincoln ilizinduliwa tarehe 30 Mei 1922. Mchoraji wa ramani yake, Henry Bacon, alilipanga na bwawa, nalo lilijengwa baada ya uzinduzi huo. Ardhi yenyewe ilikuwa ngeni. Mwishoni mwa karne ya 19 sehemu ile yote ilikuwa kinamasi cha mto Potomac, ikafukiwa kwa tope lililochotwa mtoni. Jengo la Lincoln lilipewa misingi mirefu iliyoshuka mpaka kwenye mwamba. Bwawa likabaki juu ya tope. Tope likizidiwa uzito hushuka, na halishuki sawasawa. Sakafu ikadidimia, ikapasuka, maji yakaanza kutoroka.

Kabla ya ukarabati bwawa lilikuwa likivuja karibu lita milioni 1.9 kwa wiki. Igawe kwa eneo lake uone: ni kama sentimita 6 za maji kila wiki zinazozama ardhini. Na yalikuwa maji ya bomba, yaliyotibiwa ya kunywa, yale yale ya majikoni mwa watu. Karibu lita milioni 100 kwa mwaka. Halafu hayakuwa yakizungushwa. Yalikaa, yakachacha, yakageuka kijani, yakanuka. Mimi nililiona katika hali hiyo mwaka wangu wa kwanza nchini, nikahuzunika, maana nilikuwa nimeziona picha zake za maandamano ya mwaka 1963.

Novemba 2010 likafungwa. Mafundi wakabomoa sakafu ya zamani na kupigilia nguzo za mbao 2,133, kila moja ikishuka kama mita 12 kupitia tope, kisha wakamwaga zege jipya juu yake. Wanafunzi wangu huuliza kwa nini mbao, karne ya 21. Kinachoozesha mti ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, huku hewa ikiingia. Mti uliozama moja kwa moja kwenye udongo uliojaa maji, pasipo hewa, unadumu vizazi. Kazi iligharimu dola milioni 34, bwawa likafunguliwa tena tarehe 31 Agosti 2012.

Mabadiliko makubwa zaidi, kwa jicho langu, hayakuwa kwenye zege. Maji ya bomba yaliachwa; yakaanza kuvutwa maji ya Tidal Basin, lile bwawa kubwa la jirani linalopokea maji ya mto, yakichujwa, yakipigwa ozoni, gesi ya kuua vijidudu, na kuzungushwa. Wazo ni zuri sana. Maji ya kunywa yabaki ya kunywa.

Wiki chache baada ya kufunguliwa, bwawa likawa kijani.

Watu walikasirika, na nawaelewa, ila kwa aliye kwenye kazi hii jambo lilikuwa wazi. Maji ya mto huja na fosforasi na naitrojeni, yaani mbolea. Ozoni nayo ni dawa kali yenye maisha mafupi: inaua inachokutana nacho, halafu ndani ya muda mfupi inageuka oksijeni ya kawaida. Klorini hubaki majini ikilinda, ozoni haibaki. Kwa hiyo inasafisha maji yanayopita kwenye mtambo, na ule mwani ulioshika sakafuni mita 300 kutoka kwenye mtambo hauguswi. Ukiwa na hekta 3, joto la mwisho wa kiangazi, na majani na vinyesi vya ndege vikiongeza mbolea kila siku, lazima mzunguko uende mbio kuliko mwani unavyoota. Wakalikausha, wakalisugua, gharama ikawa kama dola 100,000, na kiwango cha ozoni kikaongezwa mara mbili. Niliwahi kupatwa na jambo hilo kwenye bwawa la mteja mmoja, dogo mno ukilinganisha na hili. Jumatatu lilikuwa safi, Jumatano utando, Ijumaa huioni sakafu. Nilikuwa nimeamini hesabu za mtambo bila kutembea na kikombe kuchota maji kwenye kila kona. Tangu siku hiyo natembea.

Sasa konokono. Mei na Juni 2017 vifaranga wa bata walianza kufa pale bwawani, wakafikia 80 hivi. Uchunguzi ulipofanyika, kilichowaua kilikuwa ni vimelea vya jamii ya minyoo ya kichocho, ambavyo hukua ndani ya konokono. Mzunguko wake mtoto yeyote wa kando ya Ziwa Victoria ameufundishwa shuleni, ila mahali pa mtu weka bata: yai la mnyoo linatoka na kinyesi cha ndege, linaanguliwa majini, kimelea kinamtafuta konokono, kinazaliana ndani yake, kisha vinatoka vingi vikitafuta ngozi ya kuingia. Mguu wa kifaranga uko pale pale. Jamaa hawa wa ndege hawawezi kuishi ndani ya mtu. Wakiingia kwenye ngozi yetu hufa humo humo na kutuachia muwasho na vipele. Maji yaliondolewa yote mwezi Juni, konokono wakauawa kwa ukavu, bwawa likasafishwa na kujazwa upya.

Baba mdogo alisikiliza yote haya akiwa amekaa kwenye ukingo wa zege. Nilimwonesha kwenye simu ile picha ya tarehe 28 Agosti 1963, watu takriban 250,000 waliokuja kudai haki, wamejipanga pande zote mbili za bwawa mpaka kule mnarani. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akasogeza, akakuza tena, mpaka alipowapata aliokuwa akiwatafuta: watu waliokuwa wamevua viatu na kutumbukiza miguu majini, kwa joto la siku ile. Akawatazama kwa muda mrefu. "Walichoka hawa," akasema.

Kisha akaniuliza kama naweza kuingia kwenye nyumba ya pampu. Sikuwa na ruhusa hiyo. Basi tukaufuata ukingo polepole, yeye akitazama chini na mimi nikitazama alipotazama, na karibu na katikati tukamkuta bata na watoto wake. Mzee aliwahesabu kwa sauti, saba. Akasimama pale na mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama mstarini asubuhi, mpaka wa saba alipopanda ukingo na kujikung'uta maji.