Je, wajua kwa nini bati likigonga usiku tunauliza "Nani?"

Usiku upepo wa ziwani ukivuma hapa Goma na bati lililolegea likagonga, hakuna anayeuliza "Nini hiyo?" Tunauliza "Nani?" Bati tunalikumbuka baadaye.

Wataalamu wa saikolojia ya mageuzi, akiwemo Mmarekani Justin Barrett, wanaona mzizi mmoja wa dini katika swali hilo. Ni hesabu ya hasara. Mtu wa kale aliyesikia nyasi zikichakarika akadhani chui, kumbe upepo, alipoteza jasho tu. Aliyedhani upepo, kumbe chui, hakuacha wajukuu. Sisi ni uzao wa waoga, wepesi wa kuhisi mwenye nia nyuma ya kila jambo. Nyiragongo, mlima wa volkeno ulio jirani yetu, ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ikatetemeka siku kadhaa, sisi tuliolala nje hatukuulizana habari za lava. Tuliulizana tumekosa nini. (Kama Mungu yupo au hayupo, hesabu hii haisemi kitu.)

Si Goma peke yake. Baada ya tetemeko la Christchurch, New Zealand, Februari 2011, watafiti Chris Sibley na Joseph Bulbulia waligundua kuwa walioguswa nalo walielekea kuingia dini zaidi kuliko wenzao.

Basi wasioamini wanatoka wapi? Wenyewe hupenda kujibu kwamba wamefikiri zaidi. Mwaka 2012 wanasaikolojia Will Gervais na Ara Norenzayan walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba ukimchochea mtu kuchambua mambo, imani hupungua. Jaribio mojawapo lilirudiwa 2017 kwa watu wengi zaidi, likatoka mikono mitupu. Utafiti wa Gervais wa 2021 huko Marekani ulikuta kwamba kilicho na uzito zaidi ni yale mtu aliyoyaona utotoni: je, waliomlea waliilipia imani yao kwa matendo?

Hilo naliona mtaani. Mama anakesha kanisani Ijumaa, alfajiri anaenda soko la Virunga macho mekundu, na sadaka ameitoa kwenye mtaji wa ndizi. Mtoto wake hahitaji mahubiri. Mwingine anaambiwa "Mungu yupo" na baba anayelala Jumapili nzima. Huyo anaweza kukua bila imani kabisa, ila bati likigonga naye hushtuka.

Ninaye rafiki wa namna hiyo. Usiku ule wa Mei tulikimbia pamoja kuelekea Sake, yeye na godoro kichwani. Aligeuka mara moja, akatazama wekundu ule angani, akasema mlima amekasirika. Hakusema umekasirika.